Mwanafunzi wa mifugo akabidhiwe mnyama

Usiku mmoja, mwaka wangu wa kwanza kazini, niliitwa kwenye zizi la mama mmoja wilayani Rungwe. Mtamba wake, chotara wa Friesian, alikuwa anahangaika tangu magharibi na ndama hatoki. Nilifika na mkoba wa dawa, gambuti mpya na stashahada yenye alama nzuri. Nyuma ya mtamba zilionekana kwato moja na ncha ya pua. Kwato ya pili haikuwepo. Jina la tatizo nililijua papo hapo: mguu wa mbele umekunjika kurudi nyuma. Swali hilo niliwahi kulijibu kwenye mtihani, na mchoro nikachora. Nikaushika ule mguu mmoja nikaanza kuvuta.

"Usivute, mwanangu," mama akasema. "Mtoto hajakaa sawa. Ukivuta unazidi kumfunga."

Alinawa hadi begani kwa maji ya moto na sabuni, akajipaka mafuta ya kupikia, akaingiza mkono. Akasubiri mtamba aache kusukuma, ndipo akamrudisha ndama ndani polepole kwa kiganja, apate nafasi. Kisha akaitafuta kwato iliyopotea, akaifunika yote kwa kiganja chake isije ikachana mfuko wa uzazi, akaikunja na kuileta mbele. Zilipita kama dakika kumi. Baada ya hapo tulivuta wote wawili, taratibu, kila mtamba aliposukuma, na ndama akatoka mzima. Mama akanipa kitambaa nimfute pua.

Chuoni nilikuwa nimekaa miaka mitatu. Katika miaka hiyo sikuwahi hata mara moja kuingiza mkono ndani ya ng'ombe anayezaa.

Kulikuwa na kipindi kilichoitwa vitendo, na kwenye ratiba kiliandikwa Jumatano mchana. Tulikuwa zaidi ya sitini tunamzunguka ng'ombe mmoja aliyebanwa kwenye krashi. Mwalimu anaonyesha, watano wa mbele wanaona, waliobaki tunatazama migongo ya wenzetu. Mwisho tunasaini karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo ndiyo inayowekwa kwenye faili kuthibitisha kwamba tumejifunza. Leo napokea vijana wanaokuja kufanya mafunzo kazini, wengine wa vyuo vya serikali, wengine wa vyuo binafsi. Nikiwauliza, wengi wananisimulia Jumatano ile ile.

Ninavyoona mimi, kujifunza ufugaji kuna ngazi tatu: kuona, kushika na kukabidhiwa. Vyuo vyetu vingi vinaishia ya kwanza. Vinavyojitahidi vinafika ya pili. Ya tatu ni pale mwanafunzi anapopewa mnyama kwa jina au kwa namba ya hereni, akaambiwa huyu ni wako, akikonda utaulizwa wewe, akifa utaandika wewe kwa nini amekufa. Ngazi hiyo ndiyo imekosekana, na naamini ndiyo inayomtenganisha mtaalamu na mtu aliyesoma habari za ng'ombe.

Nianze na kushika, maana hata hapo bado tunasuasua. Chukua uhimilishaji, yaani kumpandisha ng'ombe kwa mbegu iliyohifadhiwa, bila dume. Kwa maneno ni kazi nyepesi kuieleza. Mrija wa mbegu unatolewa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, ambako baridi ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Unayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde kama arobaini, unakaushwa, unapakiwa kwenye bunduki, kifaa chembamba cha kupitishia mbegu. Ng'ombe aliyeonekana na joto la kutaka dume asubuhi anahimilishwa jioni. Aliyeonekana jioni, kesho yake asubuhi. Mwanafunzi yeyote atakutajia hayo bila kukwama.

Sasa aingize mkono. Mkono wa kushoto unapita njia ya haja kubwa, utumbo unaubana mpaka vidole vinakufa ganzi, na ndani ya joto hilo, bila kuona chochote, unatakiwa kuutambua mlango wa kizazi: kitu kigumu kama gegedu, chenye pete tatu au nne ndani yake. Mkono wa kulia unaleta bunduki kwa njia ya uke. Anayejifunza huisukuma ikagota pembeni ya mlango, akadhani amefika. Au hupita pete zote kwa furaha, akaendelea kusukuma mpaka kwenye pembe ya kizazi, na pengine akamjeruhi ng'ombe. Mahali sahihi ni pale tu mlango unapoisha. Mwalimu hawezi kuuona mkono wako ulipo, na wewe huwezi kumwonyesha. Hiyo hali haizoeleki kwa mara mbili wala tatu. Inataka makumi ya ng'ombe, na inataka mkono urudi wiki hii na wiki ijayo, kwa sababu mkono nao husahau.

Hapo ndipo hesabu inapokataa. Wanafunzi sitini na ng'ombe watatu maana yake ng'ombe mmoja ataingizwa mikono ishirini kwa mchana mmoja. Nimewahi kuona ng'ombe wa mafunzo anayeanza kutetemeka akiona tu glavu ndefu. Utumbo wake umevimba, anavuja damu, na bado kuna foleni. Huyo ni kiumbe anayeumia, na kijana anayesimama kwenye foleni ile anajifunza jambo jingine ambalo hatukukusudia kumfundisha, kwamba maumivu ya mnyama hayahesabiwi. Baadaye atakwenda nalo kwa wafugaji.

Njia ya kupunguza mateso hayo ipo na si ghali. Ng'ombe wanachinjwa kila siku kwenye machinjio zetu, na kizazi cha ng'ombe si kiungo kinachogombaniwa buchani. Chuo kinaweza kununua vizazi kumi, vikapita kwanza kwa mkaguzi wa nyama, wanafunzi wakavaa glavu na aproni, kisha kila mmoja akapitisha bunduki mara ishirini mezani. Mara tano za kwanza anatazama. Zinazofuata, mwenzake anakifunika kizazi kwa gunia, anafanya kwa kupapasa. Kisha wanakipasua na kuona ncha ya bunduki ilifika wapi. Akitoka hapo, siku atakayomwingia ng'ombe hai mkono unajua unachotafuta, na ng'ombe ataguswa mara moja au mbili badala ya kuchezewa mchana kutwa. Mwalimu mwenye moyo anaweza kuanza wiki ijayo bila kusubiri bajeti ya wizara.

Safari hiyo hiyo ya machinjioni ingefundisha na mengine. Mwanafunzi aliyewahi kupasua ini akaona minyoo bapa inavyojikunja kwenye mirija ya nyongo hatasahau kwa nini mfugaji wa bondeni aambiwe atoe dawa kwa msimu. Aliyeshika pafu lenye malengelenge ya tegu wa mbwa ataelewa ni kwa nini mbwa wa machinjioni hatupiwi mabaki mabichi.

Nirudi kwenye kukabidhiwa. Tatizo kubwa ni kwamba muhula una wiki zake na mnyama ana zake. Mimba ya ng'ombe ni siku kama 283. Hakuna muhula wa urefu huo. Kwa hiyo mwanafunzi anamwona ng'ombe kwa vipande: leo anapimwa mimba, muhula ujao mwingine anakamuliwa, wa tatu ni ndama asiyejulikana mama yake. Vipande haviungani kichwani mwake kuwa maisha ya mnyama mmoja. Hajawahi kuona kwamba mtamba aliyenyimwa pumba na majani mazuri miezi miwili ya mwisho ndiye aliyezaa ndama dhaifu, na ndama huyo aliyekosa dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, saa sita za mwanzo ndiye aliyeharisha wiki ya pili na kufa. Kwenye vitabu hizo ni sura tatu tofauti. Zizini ni jambo moja.

Kuku wa nyama ndiye anayeingia kwenye muhula bila kusukumwa. Wiki tano au sita anakuwa tayari kuuzwa. Wanafunzi wanne wapewe vifaranga mia moja, banda, na mkopo mdogo wa chakula wanaotakiwa kuurudisha. Ukiwa na darasa la watu sitini, hayo ni makundi kumi na tano na vifaranga elfu moja na mia tano, kiasi ambacho mfugaji wa mtaani anafuga peke yake. Wiki ya kwanza tu itawafundisha mengi. Watajifunza kusoma bruda, sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, kwa macho: vifaranga wakisongamana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia ukutani na kuachama midomo joto limezidi, wakitawanyika sawasawa na kulia kwa sauti ndogo, wametulia. Watajifunza kwamba umeme ukikatika saa nane usiku hakuna wa kumpigia simu, ni wao na jiko la mkaa. Siku ya saba watachanja kideri, ya kumi na nne Gumboro, na kama walichanganya chanjo na maji ya bomba yenye klorini watakuwa wameiua dawa wenyewe kabla haijafika mdomoni mwa kifaranga.

Mwisho watauza. Chakula hula kati ya asilimia 60 na 70 ya gharama za kuku wa nyama. Sentensi hiyo niliisoma nikiwa mwaka wa kwanza na haikuniingia. Inamwingia mtu anayeona chombo cha chakula kimejazwa hadi juu, kuku wanachakura, pumba inamwagika kwenye maranda, halafu siku ya kuuza anatafuta faida haioni. Kikundi kilichopata hasara nacho kipewe alama nzuri, ikiwa kitaweza kuonyesha kwenye daftari ni siku gani na kwa sababu gani. Daftari ndilo ningelisahihisha kuliko kitu kingine chochote.

Kwa ng'ombe, wanafunzi wanne wakabidhiwe mtamba mmoja mwaka wa kwanza na wasimwache mpaka azae na akamuliwe. Wampime kifua kwa utepe kila mwezi. Wamwone akiingia joto na kuandika saa. Wasimamie kuhimilishwa kwake, wahesabu siku, wawepo usiku wa kuzaa. Akianza kukamuliwa, wao ndio wakamate kikombe cheusi, wakamulie michirizo ya kwanza ya kila chuchu na kutafuta mabonge, maana ugonjwa wa kiwele huanza kimyakimya na mfugaji huugundua maziwa yameshapungua. Akitibiwa kwa antibiotiki, wao ndio wamwage maziwa yale kwa siku zote zilizoandikwa kwenye chupa, huku wakijua kila lita ingeuzwa kwa bei gani. Kijana aliyemwaga maziwa ya ng'ombe wake kwa mkono wake mwenyewe ataweza kumweleza mfugaji kwa nini asiyapeleke kituoni, na mfugaji atamsikiliza kwa sababu ataona anaijua hasara hiyo.

Nimejadiliana na walimu juu ya hili na jibu la kwanza huwa ni fedha. Ni jibu la haki. Ng'ombe wa maziwa ana bei, banda lina bei, mashudu yanapanda kila kiangazi. Lakini mara nyingi chuo kina shamba tayari. Kampasi za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, kuanzia Tengeru, Mpwapwa na Buhuri hadi Mabuki, Madaba na Kikulula, ziko kwenye maeneo yenye ardhi na mifugo. Chuo Kikuu cha Sokoine kina mashamba yake pale Morogoro. Wenzetu wa Kenya wana Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, ambacho mwaka 1939 kilianza kama shule ya shamba kwa vijana wa walowezi; madhumuni yake ya kikoloni hatuyatamani, lakini mpangilio wake una la kutufundisha: shamba lilikuwa ndilo darasa.

Kinachokwamisha, kwa nilivyoona, ni shamba la chuo kudaiwa faida. Meneja wa shamba anaulizwa mwisho wa mwezi ameuza lita ngapi. Mtu wa namna hiyo atawazuia wanafunzi wasiguse ng'ombe wake bora, na ana haki, kwa sababu mkono wa mwanafunzi unapunguza maziwa. Ng'ombe akikamuliwa na mtu mgeni, anayechelewa na asiyemaliza kiwele, lita zinashuka. Basi wanafunzi wanapewa wazee na wagonjwa, na wazuri wanakamuliwa na vibarua. Dawa yake ni chuo kuandika waziwazi kwenye bajeti kwamba lita kadhaa kwa siku ni gharama ya kufundishia, kama kinavyoandika kemikali za maabara. Hakuna mkuu wa chuo anayemuuliza mwalimu wa kemia ameuza asidi kiasi gani.

Serikali yenyewe imeshakiri pengo hili kwa vitendo. Chini ya mpango wa BBT (Building a Better Tomorrow), wa kuwaingiza vijana kwenye kilimo na ufugaji, Wizara ya Mifugo na Uvuvi iliwachukua wahitimu ikawaweka kwenye vituo atamizi wajifunze kunenepesha ng'ombe: kununua mnyama aliyekonda, kumlisha, kumuuza kwa faida. Naunga mkono vituo hivyo kwa moyo wote. Lakini tujiulize ni kwa nini mtu aliyesomea mifugo aanze kumlisha ng'ombe baada ya kuhitimu. Kazi ya kituo atamizi ingekuwa kumpa mtaji na soko kijana ambaye chuo kilishamfundisha kulisha.

Kuna jambo jingine ambalo linaniuma kuliko la fedha. Katika kila darasa la mifugo wapo watoto wa wafugaji, kutoka Simanjiro, Hanang, Meatu, Longido. Wengi wao walikuwa wanachunga ndama wakiwa na miaka sita. Wanajua kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa jinsi anavyobaki nyuma ya kundi jioni. Wanafika chuoni, wanaanza kufundishwa kana kwamba hawajawahi kuona ng'ombe, na baada ya muhula mmoja wananyamaza. Mtihani hauwaulizi wanachokijua.

Ndigana kali ni mfano mzuri. Wamaasai wameuita ugonjwa huo oltikana tangu zamani, na dalili yake wanaishika kwa vidole: tezi iliyovimba chini ya sikio, pale pale kupe wa masikio anapong'ata. Sisi tunamfundisha mwanafunzi jina la Kilatini la kimelea, tunamfundisha na la kupe, lakini mwingine anahitimu bila kuipapasa tezi hiyo kwa ndama hata mmoja mwenye homa. Halafu ilipokuja chanjo ya ndigana, ile ambayo ndama huchomwa vimelea hai pamoja na antibiotiki inayodumu mwilini, wafugaji wa kaskazini walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuipokea kwa wingi na kuilipia mfukoni mwao. Waliielewa kwa sababu walikuwa wamehesabu ndama waliozika. Mzee wa boma aliyechanja kundi lake kwa miaka kadhaa anastahili kusimama mbele ya darasa la stashahada na kulipwa posho ya mkufunzi kama mwingine yeyote. Chuo kikuu chetu cha kilimo kimebeba jina la Edward Moringe Sokoine, Mmaasai wa Monduli. Sioni heshima gani nyingine ingemfaa zaidi kuliko kuona ujuzi wa watu wake unafundishwa humo na unatahiniwa.

Mtihani ndio unaoamua yote, kwa sababu mwanafunzi husoma kinachoulizwa. Mitaala ya vyuo vya kati inasema ni ya umahiri. Basi umahiri upimwe zizini. Mtahini asimame na ndama watano, watatu wazima, wawili wana homa, amwambie mwanafunzi: niambie nani anaumwa kabla hujatoa kipimajoto. Amwambie: mlaze huyu mbuzi bila kumuumiza. Amwambie: kamua, nione mikono yako. Mambo hayo hayaigiliziki kwa mwenzako na hayakaririwi usiku wa kuamkia mtihani.

Na mafunzo kazini yapangwe kwa kalenda ya mifugo. Kijana anayeletwa kwetu kiangazi, majosho yamekauka na ng'ombe wamehamishwa kwenda kutafuta malisho, anaishia kupanga mafaili ofisini na kuandika ripoti ya kurasa thelathini. Aje mvua zinapoanza, kupe wanapoamka, ndama wanapozaliwa, simu inapolia usiku. Vivyo hivyo likizo. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, Krismasi na Idi zikiwemo, na vyuo vyetu hufungwa wanafunzi wote wakaondoka kwa siku moja. Ziwepo zamu. Anayebaki apikiwe, alale pazuri, na siku zake zihesabiwe kwenye alama.

Mimi chuo changu cha pili kilikuwa zizi la yule mama. Nilirudi kwake mara nyingi mwaka ule, nikiwa na dawa ya minyoo au bila sababu, na kila alipokuwa na ng'ombe wa kuzaa alinitumia ujumbe. Alinifanya nipapase mimba za ng'ombe wake wote wanne mpaka nikaweza kumwambia nani ana miezi mingapi, kisha akalinganisha na tarehe alizoandika kwa mkaa ukutani. Ndama wa kwanza niliyemgeuza mwenyewe alizaliwa kwa jirani yake, mwezi wa nne, mvua inanyesha. Miguu yote miwili ilikuwa imekunjika. Mama alikuja akiwa amejifunika kanga kichwani, akasimama pembeni na kurunzi, na muda wote nilipokuwa na mkono ndani hakusema kitu.